Gango la Kidole cha Mwisho

Asubuhi hiyo alikuwa anakanda unga kwa mkono mmoja na nusu. Hayo yalikuwa maneno ya wifi yake, dada wa mume wake, waliyekuwa wanaoka naye mikate ya kuuza kwenye chumba cha nyuma. Mkono wa kulia mzima, wa kushoto nusu. Mashine ya kukandia ilimkamata vidole viwili vya kushoto, cha pete na cha mwisho. Cha pete kilipona lakini kikakakamaa. Cha mwisho bado kilikuwa na gango, kile kibati wanachofunga hospitali upande wa kiganja ili kidole kikae kimenyooka. Akikanda, analivalisha mfuko wa nailoni. Daktari hakuzunguka mbuyu: gango litatoka, ila kukunja kama zamani asahau.

Kwa mikate hakuna neno, donge la unga haliulizi una vidole vingapi. Tabu ilikuwa gitaa.

Miaka yote yeye ndiye mpiga gitaa wa bendi yao ndogo ya kupiga kwenye harusi. Kiongozi wa bendi walimwita Chifu, kwa sababu anakaa kwenye kiti hata wenzake wote wakiwa wamesimama. Si mtu mbaya. Alimngoja mpaka watu wakaanza kumnong'oneza amchukue kijana mmoja wa kinanda. Mwisho akampigia simu, akasema kwa upole, "Dada, nirekodie ule wimbo wetu wa kumwingiza bibi harusi. Nitumie Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Wimbo ukienda sawa, nafasi yako ipo. Usipoenda, usinichukie."

Jumamosi ndiyo hiyo leo.

Na kusema kweli hakuwa na hofu sana, dawa alikuwa ameshaipata. Vidole vilivyobaki vya kubana nyuzi ni viwili tu. Basi akazilegeza nyuzi, huu kidogo, ule zaidi, mpaka ukizipitia zote bila kubana hata mmoja zinaitikia pamoja, tamu, kama ndugu wanaokubaliana. Kilichobaki vidole viwili vinakiweza. Alikuwa anajaribu jioni mume akiwa hajarudi, na wifi anamuuliza gitaa lina mafua au. Hakumwambia mume. Alitaka amshangaze.

Mikate ilipoingia kwenye oveni, akanawa, akaenda sebuleni, akalitoa gitaa nyuma ya mlango na kupitisha kidole gumba kwenye nyuzi.

Likalia kama zamani. Zamani kabisa, kabla ya mashine. Akajua.

Mume wake ni fundi redio, na ugonjwa wake ukoo mzima unaujua: hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha. Bawaba, komeo, hata kifungo cha shati la mgeni. Alikuwa bado yuko mezani na chai yake.

"Umeligusa gitaa?"

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe. Alilijaribu jana usiku, akasema, akakuta nyuzi ziko hoi. Akamwonea huruma mke wake, mkono ule atazikaza vipi? Basi ameamka alfajiri akazikaza zote, mmoja mmoja, kwa sikio. "Nikasema leo siku yako, lisije likakuaibisha."

Mke akakaa chini. Hasira ilipanda, ikakosa pa kutokea, maana utamgombezaje mtu aliyeamka alfajiri kwa ajili yako? "Wewe," akasema, "ukifika mbinguni utaanza na bawaba za mlango."

Kisha akamweleza. Mume akakiweka kikombe chini taratibu, akanyoosha mkono arekebishe. Akaambiwa asithubutu. Kutoka chumba cha nyuma wifi akaingilia, akasema kaka yake kaanza utotoni, aliwahi kukaza mfuniko wa chupa ya chai mpaka nyumba nzima ikalala na kiu.

Basi akaanza upya, haraka haraka, jicho moja kwenye saa. Mkono wa kulia unapiga uzi, wa kushoto unazungusha kigingi chake kwa kidole gumba na cha shahada. Kigingi kimoja kilikuwa kigumu. Mkono ukateleza, gango likalala juu ya uzi na kuteremka nao.

Sauti ikapanda bila kukatika, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara huku bado hana hakika kama ni wewe.

Wifi akachungulia mlangoni.

"Hebu rudia hapo," mume akasema.

Akarudia, safari hii kwa kukusudia. Hakubana. Alikilaza tu kibati juu ya uzi na kukitembeza, na uzi ukaimba kila kilipopita. Kidole kisichokunjika kumbe kwa kazi hii hakitakiwi kukunjika. Akamalizia kuzilegeza nyuzi, akatafuta wimbo wa bibi harusi, vidole viwili vikishika nyuzi nene, gango likiimba juu, pale ambapo zamani vidole vinne vilikuwa vinakimbizana. Ulikuja polepole. Sehemu nyingine aliziruka, na sehemu nyingine hakuwahi kuwa nazo. Mahali pamoja kibati kilikwaruza, akapaacha hivyo hivyo.

Wifi alikuja na mikono ya unga akashika simu kurekodi. Mara ya kwanza mume alipiga chafya. Mara ya pili ukafika mwisho, ila mwishoni kabisa wifi anasikika akisema, "Mungu wangu, mikate."

Hawakurekodi tena. Alivyokimbilia oveni, wifi alimshauri amwandikie Chifu kwa adabu, aombe radhi kwanza, ajieleze. Mke aliandika akafuta, akaandika tena akafuta. Mwisho akatuma ule wimbo na maneno haya: "Chifu, hivi ndivyo ninavyopiga sasa. Usiningoje niwe kama zamani. Ukiupenda, nakuja na gango langu."

Ilikuwa bado kidogo saa sita igonge.

Mikate ya juu iliungua mgongo, hiyo wakaila wenyewe. Mume alikula huku analitazama bomba la pazia la dirishani, anapima kwa jicho, maana gango hospitali watalitoa na kidole kitahitaji nguo nyingine ya kutelezea kwenye nyuzi. Mke alimwona, akamwachia. Simu ilikuwa mezani, kioo juu. Chifu ameshausikiliza, alama ilionyesha. Jibu hakuna.

Mke akajifuta mafuta vidoleni, akalichukua gitaa, akapiga tena tangu mwanzo, na pale palipokwaruza pakakwaruza.