Kufuli la Sesilia

Benki yetu imekua, nani abishe? Ilianza kama kikoba cha akina mama, barazani kwa mwenyekiti wetu Kokuberwa, hapa hapa Chanika. Leo ina matawi mpaka Msasani, na mlinzi wake anamkagua mkoba Kokuberwa huyo huyo mlangoni.

Mali yetu ya kwanza ilikuwa sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Ufunguo mmoja alishika Kokuberwa, mmoja mie, mmoja Sesilia. Asipokuwepo mmoja wetu, sanduku halifunguliwi, hata uwe na msiba.

Sasa mie na Sesilia hatusemezani. Kwenye sendofu ya binti yangu alisema mbele za watu kwamba pilau langu ni bokoboko, rojorojo tupu. Shoga yangu wa kufa na kuzikana, jamani. Nikamsusa. Tangu hapo sina wa kupiga naye umbea, na roho inaniuma.

Juzi tawi jipya likazinduliwa. Meneja, kijana anaitwa Rogers, akataka sanduku lifunguliwe mbele ya wageni, watu waone benki ilikotoka. Kokuberwa akafungua kufuli lake, nami langu. Sesilia alikuwa amekaa siti ya nyuma kabisa, kanuna ndani ya kitenge kipya. Akaitwa kwa kipaza sauti.

"Aje Monica aniite," akasema.

Nikatazama pembeni. Mie nimwite, kwani ni mie niliyetukana pilau la mtu?

Wageni wakaanza kuangalia saa. Rogers akamnong'oneza fundi, fundi akaja na grainda.

"Tunakata hili moja tu, mama zangu," Rogers akasema. "Si la maonyesho tu?"

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimelikalia sanduku, na gauni langu la sherehe.

"Ukome, mtoto wewe," nikamwambia. "Kufuli la Sesilia halikatwi. Siku yuko leba tulimsubiri, wanetu wakalala na uji mtupu. Na wewe utamsubiri."

Kisha nikasikia viatu vinakuja. Sesilia akasimama mbele yangu, anafungua pindo la kitenge kutoa ufunguo.

"Sogeza hayo makalio, Monica. Utatuvunjia sanduku."

Nikasogea huku machozi yananitoka kama mjinga. Sanduku likafunguka. Ndani mlikuwa na mende wawili, wageni wakapiga makofi.

Sesilia akaniinamia sikioni. "Lakini lile pilau lilikuwa bokoboko."

"Lilikuwa," nikasema.