Masikio ya Picha

Valma alijisifu kwamba mjini Wirrabilla hakuna aliyeijua televisheni kama yeye, maana aliitazama miaka arobaini bila kukosa siku. Ila kuiwasha alikuwa akimwita mumewe, Clarrie. Sasa ni wiki ya tatu Clarrie hayupo. Moyo wake ulisimama Jumatatu asubuhi akifunga kamba za viatu.

Valma hakulia. Alichemsha yai, akalisahau, likawa jiwe, akalila hivyo hivyo. Wifi yake Nance alihamia pale kumliwaza, na kuliwaza kwenyewe ndiko huku: "Daktari alimkataza mafuta, wifi. Wewe na siagi yako!" Aliyasema hayo hata mazikoni, mbele ya wazee wote wa klabu ya kuviringisha mipira kwenye nyasi. Valma aliyasikia kama anasemwa jirani. Labda kweli nimemuua, aliwaza, kama mtu anayekumbuka ana nguo za kufua.

Kitu kimoja tu alikitaka, kumwona Clarrie. Jumamosi ya mwisho kabla ya kufa alicheza fainali ya klabu, ikatoka kwenye habari za mkoa, na Clarrie mwenyewe akairekodi kwenye king'amuzi. Lakini kila ikichezwa, kombe la ushindi liko katikati na Clarrie ni kiwiko tu, ukingoni mwa kioo.

"Kiwiko kinatosha," alisema Nance. "Ukiona uso utaumia bure."

Valma akamwita Kosta, fundi wa antena.

"Mama, mzee yumo," Kosta alisema, amechuchumaa. "Siku hizi picha inarushwa pana, kumi na sita kwa tisa. Kioo chako cha zamani ni nne kwa tatu. Basi king'amuzi kinaikata masikio yote mawili, kushoto na kulia, ili ienee."

"Iache ilivyo, fundi! Utamchanganya mjane wa watu," Nance alidakia.

Kosta alishabonyeza rimoti. Picha ikasinyaa, weusi juu, weusi chini, na Clarrie akatokea mzima, mdogo kama kidole gumba. Kando yake mwanamke mwenye kofia ya njano anampa kitu cha kahawia.

"Nani huyu?" Valma aliuliza.

"Nitamjulia wapi? Jumamosi ile mimi nilikuwa kitandani naumwa mguu, wifi, unajua."

"Anampa nini?"

"Sponji. Ya kufutia mipira," Nance aliwahi kusema.

Valma alingoja hasira ije. Haikuja. "Fundi, una televisheni kubwa garini? Ilete."

Kosta akaibeba ile pana, akaunganisha waya. "Hii ina nukta milioni mbili, mama. Utahesabu mpaka ndevu."

Ndevu zilionekana. Na sosi ya nyanya iliyochuruzika juu yake ilionekana, na pai ya nyama, imejaa mafuta, inatoa moshi, na cheri tatu za plastiki kwenye kofia ya njano, moja imevunjika nusu.

"Sponji yenye sosi," alisema Kosta.

"Kofia kama zile zimejaa madukani," alisema Nance.

Valma aligeuka, akaitazama kofia ya wifi yake iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Hakupandisha sauti.

"Cheri mbili nzima," alihesabu, "na moja nusu. Na mguu je, wifi?"

Kwenye kioo, yule wa kofia alikuwa anarudi mbio kwenye foleni ya pai.