Miguu ya Kaka

Mwalimu wa maigizo, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Visigino, hakuwa na mzaha na miguu. "Mtu haanzii mdomoni," aliwaambia wa mwaka wa mwisho, viti vimerundikwa ukutani na mstari wa chaki sakafuni ndio jukwaa lao. "Anaanzia kisiginoni. Ukishaupata mwendo wake, mengine yatakufuata yenyewe."

Yalimfuata Chiriku mpaka nyumbani.

Chiriku jina hilo alilipata kwa domo lake, maana alikuwa haishiwi maneno. Mtihani wa vitendo ulitaka kila mwanafunzi asimame peke yake mbele ya watahini, awe mtu halisi anayemjua. Wenzake walichagua makondakta, wahubiri, na mmoja akamchagua shangazi yake mwenye kisirani, tena kwa idhini ya shangazi mwenyewe. Chiriku akamchagua kaka yake, aliyefariki mwaka uliopita kwa kuanguka ngazini akivuta nyaya za umeme. Mimi ningemchagua mhubiri, nikachukua alama zangu nikaenda zangu. Lakini damu nzito kuliko maji, na msichana alikuwa amemkosa kaka yake vibaya sana.

Alivitoa viatu vya marehemu chini ya kitanda, akavivaa na soksi mbilimbili visimpwaye. Mama yake, fundi cherehani, akitoka kupeleka nguo za wateja, Chiriku alianza kwenda na kurudi ukumbini. Bega la kushoto lishuke, kwa sababu ndilo lililozoea mkoba wa vifaa. Kisigino cha kulia kiburuzwe kidogo. Halafu ule mluzi mwembamba wa kupitia pengo la meno. Mwanzoni aliona haya hata mbele ya kuta. Baadaye mwendo ukawa unakuja bila kuitwa, hata anapokwenda bafuni kuoga.

Visigino alikuwa na sharti moja: ukimaliza mazoezi, mvue mtu uliyemvaa. Jikung'ute, nawa uso, taja jina lako kwa sauti. Shuleni Chiriku alilitii. Nyumbani hakuweza, aliona ni kama kumfukuza kaka yake, na huyo alishafukuzwa mara moja.

Siku moja alitumwa sabuni. Mwenye duka, macho kwenye simu yake, akasogeza juu ya kaunta pakiti ya peremende za mnanaa, zile alizokuwa akinunua kaka. "Umeadimika wewe," akasema. Kisha akainua uso, na simu ikamponyoka.

"We binti! Nani kakufundisha mluzi huo?"

Chiriku hakujua kwamba alikuwa amepiga mluzi. Alirudi nyumbani bila sabuni, na njia nzima aliisikiliza miguu yake mwenyewe kwa hofu.

Mchana wa siku ya kabla ya mtihani mama alikuwa chumbani, cherehani inalia. Chiriku alidhani kelele ile ingemficha. Alifika katikati ya ukumbi, cherehani ikanyamaza.

"Umekuja," mama akasema. Mlango wa chumba ulikuwa wazi naye ameupa mgongo, utepe wa kupimia shingoni.

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema, ni mimi, mama.

"Siku zote hizi nakusikia unapita," mama akaendelea, sauti yake ya chini. "Nijibu moja tu, baba. Uliondoka na kinyongo nami?"

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kaka aliacha shule akiwa mwaka wa mwisho, kama Chiriku sasa, akaficha, kila asubuhi akivaa sare na kuaga, kumbe anakwenda kuvuta nyaya. Mama akaja kuambiwa na watu baki. Hasira zikampanda: "Toka! Sitaki kukuona hapa!" Akatoka. Chiriku alimsindikiza mpaka barabarani, na kule kaka alimwambia kwamba nyumba ile hataikanyaga tena, hata mama aje kumpigia magoti. Hayo Chiriku hakumwambia mtu. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Sasa akaikaza sauti yake, akaiteremsha. "Sina kinyongo, mama. Nilikusamehe siku ile ile."

Mama akageuka taratibu.

"Huyo siye," akasema. "Nimemzaa mimi. Mtoto wangu alikuwa akinuna, ananuna wiki nzima na chumvi haombi. Msamaha wa siku ile ile angeutoa wapi? Rudia. Jibu kama yeye."

"Mama, tuache, tafadhali."

"Rudia, nimesema."

Chiriku akarudi mwanzo wa ukumbi. Akaja. Mama akauliza tena, neno kwa neno. Safari hii msichana hakutafuta la kusema. Bega lilishuka lenyewe. Akamtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akasonya, akageuza kisigino, akatoka nje na kuubamiza mlango.

Nje jua lilikuwa kali na nguo za watu zimetulia kambani. Alijichukia. Alimwogopa yule aliyesonya kwa mdomo wake, kwa sababu kusonya kule kulimtoka kwa raha. Akataka kuondoka kabisa, na miguu tayari ilikuwa inaelekea barabarani.

"Rudi!" mama akalia kutoka ndani. "Rudi, baba, nilikosa mimi! Nisamehe, rudi!"

Maneno hayo mama hakuyasema siku ile aliyomfukuza. Miguu ikataka kuendelea mbele, na Chiriku akaisimamisha kwa nguvu, kama anayemshika mtu mkono. Akainama, akafungua kamba, akavivua viatu pale pale juani. Akaingia pekupeku.

"Mama," akasema, "ni mimi."

Mama alikuwa amesimama ukumbini, ameshika ukuta. Alimtazama usoni, kisha miguuni.

"Najua," akasema. "Yeye asingerudi."

Wakakumbatiana wakalia, mama kwa sauti, bila kujali majirani. Alipopata pumzi alijifuta kwa kitambaa cha mteja kilichokuwa begani.

"Kesho ukiwaonesha," akasema, "waoneshe hivyo hivyo. Usimpambe."