Shayiri Ipi

Wanafunzi ndio waliompa jina la Bi Mwiko, enzi alipokuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Mwenyewe alilipenda. Katika jiko lake mtoto hakurudisha sahani yenye chakula, na aliyethubutu kuuliza kuna nini sufuriani aliambiwa ale kwanza, maswali baadaye. Basi fikiria mwenyewe kilichompata siku mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, alipomletea mke anayeuliza.

Mkwe alikuwa karani wa maktaba, binti mpole mwenye sauti ya chini na adabu zake. Lakini kila akialikwa alikuja na bakuli lake la kifuniko mkobani, na kila kilichowekwa mezani alikiulizia: mchuzi umetiwa unga, mama? Mafuta haya yamekaangiwa nini jana? Alieleza kwa upole kwamba tumbo lake halipatani na gluteni, ile inayoufanya unga wa ngano uvutike, na kwamba chembe tu inatosha kumlaza. Bi Mwiko aliitikia kwa kichwa, na moyoni akaupa ugonjwa ule jina lake: kudeka. Tena hakuishia moyoni. Siku moja alimwambia mwanawe, kwa mzaha wake wa jikoni, kwamba ipo siku atamtilia binti huyo ngano kidogo kimyakimya, aone kama atakufa au atashiba. Mwanawe hakucheka.

Kilichombadilisha ni harusi ya ndugu yao mmoja. Alimwona mkwe wake amekaa pembeni, anakula viazi vyake vilivyopoa, huku watu wanapita na sahani zilizojaa na kumtazama kwa jicho la pembeni. Hapo roho ilimuuma. Alirudi nyumbani amekata shauri: lazima binti huyu ale kwangu, ashibe, asahau bakuli lake.

Jirani yake, muuza maua, ndiye aliyemwelekeza mkate wa haraka wa shayiri, usiotaka hamira wala kusubiri uumuke. Unalowesha shayiri ya uji, ile bapa ya kwenye kopo, ndani ya mtindi. Unatia mayai, asali, mafuta, chumvi, bekin pauda na kikombe cha unga wa ngano. Kwa asiyekula ngano, jirani alisema, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina gluteni, na badala ya ngano weka unga wa shayiri. Isage tu mwenyewe kwenye blenda.

Kopo alilipata. Ila kusaga kwenye blenda, yeye, Bi Mwiko mzima, aone aibu ya unga wenye chenga mbele ya mkwe? Alikwenda kwa muuza nafaka akaomba unga wa shayiri ulio laini kuliko wote, akapewa pakiti safi yenye neno SHAYIRI kwa herufi kubwa na picha ya masuke. Alirudi anatembea kama bibi harusi.

Jumapili hiyo alisugua bati la kuokea kwa maji ya moto mpaka likang'aa. Alinunua chekeche jipya na mwiko mpya; ule wa zamani, uliozoea ngano, akaupandisha juu ya kabati. Akachekecha unga na bekin pauda, akamimina shayiri iliyolowa, akakoroga kidogo tu, kwa sababu mkate wa namna hii ukiukoroga sana unakuwa mgumu. Jiko likajaa harufu ya asali. Alichoma kijiti katikati ya mkate, kikatoka kikavu, na furaha aliyoiona siku hiyo hakuwa ameiona tangu astaafu.

Mezani mkwe aliuliza, kama kawaida yake, mkate huu ni wa nini. Bi Mwiko alimjibu kwa fahari kwamba ni shayiri tupu, ngano haijaingia humu ndani wiki nzima. Binti akautazama mkate. Kisha akamtazama mama mkwe wake, aliyesimama mikono kifuani hata kukaa hawezi. Akakata kipande, akakila chote, akaomba kingine. Bakuli lake halikutoka mkobani.

Hawakuwa wamemaliza kuondoa vyombo alipoinuka ghafla, akashika tumbo, akakimbilia bafuni. Walimsikia anatapika. Alipotoka uso ulikuwa umempauka, jasho linamtiririka, miguu haimbebi. Mumewe alimlaza kitandani, akamwekea beseni, kisha akarudi jikoni akafunga mlango nyuma yake.

"Mama," alisema, "umemtilia ngano uone kama atakufa?"

Bi Mwiko alipigwa na bumbuazi. Mtoto aliyemnyonyesha, aliyemlea peke yake kwa jasho la masufuria ya watu, anamtazama kama anavyotazamwa mwizi. Na ubaya wenyewe, maneno yale ni ya kinywa chake mwenyewe. Alichoweza ni kunyoosha mkono rafuni, akamsukumia pakiti. Soma, midomo yake ilisema, soma basi.

Mwanawe alisoma. Shayiri. Akaigeuza huku na huku, akachanganyikiwa, akaipeleka chumbani. Bi Mwiko akamfuata.

Mkwe aliitazama picha ya masuke bila hata kuinua kichwa. Akawaeleza kwa sauti iliyokatika kwamba jina ni moja, nafaka ni mbili. Kuna shayiri ya uji, ile ya kopo, na hiyo haina shida. Na kuna shayiri hii, yenye masuke ya sharubu ndefu kama ngano, na ndani yake gluteni imo. Muuza nafaka hakukosea, na mama hakudanganya. Mume alishusha macho akaomba radhi, lakini Bi Mwiko hakumsikia. Kuna jambo lilikuwa linamjia polepole.

"Kumbe ulijua," alisema. "Pale mezani ulijua shayiri ziko mbili."

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuniuliza ipi?"

Binti alifumba macho. "Nilitaka kuuliza. Nikaona ulivyosimama. Nikasema, leo nikiuliza tena, mama hatanipikia maisha yake yote."

Bi Mwiko alikaa ukingoni mwa kitanda. Miaka yote alikuwa akitaka mkwe anayekula anachopewa bila maswali. Amempata, ndiye huyu, amejikunja juu ya beseni.

"Mwanangu," alisema hatimaye, na sauti haikuwa ile ya jikoni. "Uniulize. Hata nikinuna, uniulize."

Akaenda kumletea maji. Binti alijiinua, akapokea glasi, akaifikisha mdomoni, akasita. Kwa woga akamtazama.

"Mama, ni maji tu?"

"Maji tu," Bi Mwiko akajibu haraka. "Ya bomba. Nimeyachemsha kwenye birika, na birika halijawahi kuchemshiwa kitu kingine. Glasi nimeiosha sasa hivi kwa sabuni, nikaisuuza mara mbili, sikuifuta kwa kitambaa."

Binti akanywa.