Kuhasi Si Kutahiri

Mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka, Mzungu mmoja wa Raskazone alifunga masanduku akarudi kwao Ulaya, na mpishi wake akabaki na watoto wawili wa sungura asijue awapeleke wapi. Uweso akawachukua. Aliingia nao nyumbani kwake Ngamiani wamo ndani ya kofia, mmoja mweupe, mmoja wa kijivu, wote madume, akamwambia mkewe, "Hawa ni ndugu, Mwanamkasi. Usiwatenganishe." Yule mweupe wakamwita Liwali kwa maringo yake, wa kijivu wakamwita Akida. Mwezi haujaisha, Uweso akashikwa na homa, akafa, na Mwanamkasi akaingia eda.

Aliye edani hatoki akazurura, na kuta za chumba kimoja zinachosha. Basi sungura wale ndio waliokuwa wenzake. Walilala wamelaliana, wakila jani moja kila mmoja akianzia ncha yake, naye akiwatazama hucheka, kisha huona haya kwa kucheka na mumewe yu kaburini, kisha hucheka tena. Aliwapenda, basi. Hapo hakuna la kuficha.

Wifi yake Asmahani, dada wa marehemu, alikuwa ametoka Pangani kuja kukaa naye. Mwanamke mwema, ila haya zake zilipita kiasi: hata jogoo akipanda kuku, yeye hugeuza uso. Siku Liwali alipomdandia nduguye mbele yake, kisha akamrushia mkojo kwenye kanga, Asmahani alipiga ukelele uliowatoa majirani.

"Mchinje mmoja tumle, yaishe!"

Mwanamkasi hakutaka kuchinja. Alimngoja Luka, Mbondei aliyekuwa akipita mitaani kuwahasi mabeberu wa watu. Alipopita, akazungumza naye kwa nyuma ya ua wa makuti na kumpenyezea wale sungura, mmoja mmoja, Luka akawapapasa.

"Bado, bi mkubwa," Luka akasema. "Ukiwahi, hamna cha kukata. Kende zingali tumboni. Zikishuka niite, tena usikawie. Madume wakishang'atana hawasahauliani."

Lakini Mwanamkasi hakuwa mtu wa kufanya jambo ndani ya eda bila kuuliza. Akamtuma Asmahani kwa Shekhe Idarusi: je, inajuzu kuwahasi sungura, na ikijuzu, ni wakati gani? Asmahani akaenda, akarudi upesi mno.

"Shekhe kacheka," akasema. "Kasema jambo hilo halipo. Tuwaache viumbe wa Mungu walivyo."

Mwanamkasi alishangaa, maana mabeberu wa Waislamu wenzake Luka alikuwa akiwahasi kila uchao. Hata hivyo kauli ya shekhe ni kauli ya shekhe. Kende zikashuka, akaziona kwa macho yake. Luka akapita akibisha uani, naye akanyamaza kimya mpaka mtu wa watu akaenda zake.

Asubuhi moja akasikia vishindo kizimbani. Alikuta manyoya yametapakaa kote. Akida alikuwa amechanika sikio, paja linavuja damu, na Liwali kamganda shingoni. Mwanamkasi alitia mkono kuwaamua, akang'atwa na yeye. Alipokwisha kumtoa Akida na kumfunga kitambaa, alimgeukia wifi yake.

"Hebu nieleze tena. Shekhe ulimwuliza nini?"

Asmahani akajifunika uso kwa kanga. "Nilimwuliza kama inajuzu kuwatahiri."

"Kuwatahiri!"

"Lile jingine ningelitajaje, wifi, mbele ya mwanamume mwenye ndevu zake? Nikaona kisu ni kisu."

Kumbe shekhe aliulizwa kama sungura waingizwe jandoni! Asingecheka, angefanya nini? Siku nyingine Mwanamkasi naye angecheka mpaka mbavu zimuume. Siku ile alikuwa na hasira, hasira tupu, akamwagiza Asmahani arudi mbio kumwomba shekhe aje mwenyewe, na mtu mwingine amwite Luka.

Shekhe Idarusi alikuja akakaa barazani. Mwanamkasi akasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo, shekhe."

"Marahaba, binti yangu."

Akalitaja neno kwa kinywa chake, kuhasi, bila kulimung'unya.

"Ahaa, hilo lina jibu," shekhe akasema. "Mnyama wa kuliwa, akiwa mdogo, inajuzu. Akishakuwa mkubwa, haijuzu. Hawa wako wamebaleghe?"

Kusema "bado" ilikuwa rahisi. Nani angewakagua? Na Luka alikwisha kufika, amesimama uani na kisu chake, ananong'ona kwamba yeye huhasi hata mafahali wazima, seuze sungura. Mwanamkasi alitamani kusema uongo kuliko alivyopata kutamani kitu chochote tangu mumewe afe.

"Wamebaleghe, shekhe," akasema. "Nilipomtuma wifi yangu, walikuwa wangali wadogo."

"Basi wakati umepita. Watenge, wasije wakauana."

Luka akakirudisha kisu alani, akaazima nyundo, akapigilia ubao katikati ya kizimba. Akida akawekwa huku, Liwali kule. Liwali akaunusa ubao, akaukwaruza kidogo, kisha akajilaza ameuegemea. Mwanamkasi aligawa majani mafungu mawili, analia wala hajifichi.

Asmahani alikuwa amesimama nyuma yake. "Nisamehe, wifi yangu. Neno lilinishinda."

"Nimekusamehe," Mwanamkasi akasema. "Lakini lilikushinda wewe, na ubao wamewekewa wao."