Gazeti la Babu Ndekirwa Halijachanwa

Kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa moja tu, kukaa mezani na kuhakikisha hakuna anayegusa gazeti.

Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Cedar-Riverside, pale chini ya yale maghorofa. Watanzania wa huku ughaibuni wanakuwaga na siku ya vitu vya zamani, kila familia inaleta chake. Watu wameleta vibuyu, kanga za harusi ya bibi, redio isiyoongea. Shangazi Elinaja, dada yake baba, ambaye naishi kwake kitongoji cha Savage, yeye kaleta gazeti.

Gazeti lenyewe la Kiswahili, la mwaka 1934, limekunjwa likazungushiwa mkanda wa karatasi ya kaki. Juu ya mkanda kuna stempu ya mfalme na jina kwa wino: Ndekirwa, Machame. Huyo ni babu yake shangazi. Lilikutwa kwenye sanduku baba yao alipofariki, na shangazi akalibeba kwenye ndege mapajani kama mtoto. Mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kulitoa kwenye mkanda. Anaogopa litachanika.

Pembeni kuna kadi niliyoiandika mimi, baada ya shangazi kuazima maktaba kitabu cha sheria za posta za mkoloni. Sheria ilikuwa hivi: gazeti linasafiri kwa bei ndogo kuliko barua, mradi mkanda uwe wazi huku na huku, na usigandishwe kwenye gazeti, ili karani akitaka alichomoe, aone hamna barua ndani, alirudishe. Ukifunga kila upande, umetuma barua, lipa kama barua. Nilinakili tu. Nilikuwa nawaza chakula.

Sasa, Babu Ndekirwa mimi simpendi sana, na hata sikumkuta. Stori yake ni kwamba kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anawasomea majirani gazeti, wanakaa hadi jioni. Tangu nimalize shule nikasema chuo kingoje kwanza, hiyo stori nalishwa kama dawa. Natoka shifti ghalani, mgongo umekufa, nafungua friji tu nasikia, "Babu Ndekirwa alisoma kwa kibatari. Wewe una taa mpaka chooni."

Kwa hiyo alipokuja Mzee Cleophas, mimi sikuwa upande wa mtu.

Mzee Cleophas ni mfamasia, Mkatoliki wa Kibosho, jirani na Machame, na kutaniana na shangazi kwake ni kama sala. Akaweka sahani yake ya pilau pembeni, akainama, akachungulia mkanda mbele na nyuma.

"Elinaja, hii karatasi haijachanwa."

"Ndiyo. Nzima kama ilivyotoka posta."

"Sasa alisomaje?"

Shangazi akainama na yeye kutazama.

"Nakuuliza vizuri tu. Mtu anapokea gazeti, anachana, anasoma. Huyu kaliweka. Kule kwetu tulikuwa tunasikia, Wamachame wanaagiza magazeti wageni wayaone mezani."

Watu wakacheka. Makena, nesi Mkenya aliyekuwa anauza mandazi meza ya pili, akasema, "Aki mzee, umemmaliza."

Mimi nilicheka pia. Halafu nikamwangalia shangazi. Kwa kawaida Mzee Cleophas akirusha moja yeye anarudisha mbili. Safari hii alikuwa anaangalia ule mkanda tu, na mkono umeshika ukingo wa meza. Nikaelewa. Miaka yote hajawahi kuwaza kwamba uzima wa ile karatasi una maana hiyo. Sisi ni watu wa kusoma, ndiyo alivyomwambia ofisa wa viza, ndiyo anavyoniambia mimi, na yote imesimama kwenye hilo gazeti.

"Baba aliniambia alikuwa anasoma," akasema taratibu.

"Baba yako alikuwepo?"

"Alikuwa mdogo."

"Haya," Mzee Cleophas akasema, na sauti ikashuka, maana na yeye aliona amekanyaga mahali.

Ndiyo macho yangu yakaangukia kadi yangu mwenyewe. Ili karani alichomoe, alirudishe.

"Mzee, si lazima uchane," nikasema. "Huo mkanda uko wazi huku na huku. Ilikuwa sheria. Karani analitoa bila kuchana. Na babu pia anaweza."

"Anaweza. Alifanya?"

"Si u-pull tu tuone?" Makena akasema.

Shangazi akaniangalia. Likichanika, limechanika. Likitoka limekunjwa kama lilivyotoka kiwandani, yaani halijasomwa, bora lingechanika.

"Lenny, una mikono safi?"

Nikafuta mafuta ya mandazi kwenye suruali, akanipa leso, nikafuta tena. Nikashika gazeti upande mmoja, yeye akashika mkanda. Nikavuta. Halikukataa hata kidogo. Liliteleza kama droo inayofunguliwa kila siku.

Ukurasa wa mbele haukuwa nje. Gazeti lilikuwa limegeuzwa ndani nje, likakunjwa tena ukurasa wa kati ukiwa juu, na mkunjo wa kwanza unaonekana bado, umekatiza mahali pengine. Huo ukurasa ulikuwa bei za kahawa. Safu za maneno na tarakimu tu, na pembeni, mahali dole gumba linakaa, karatasi imeingia weusi wa mtu aliyeshika hapo mara nyingi.

Mzee Cleophas akavaa miwani.

"Hapa hamna hata picha," akasema.

"Hamna," shangazi akasema.

"Kwa hiyo alisoma bei ya kahawa."

"Alisoma."

"Hizo habari nyingine sijui."

"Cleophas, kula pilau yako."

Hakula. Alivuta kiti, akaanza kusoma ule ukurasa kwa sauti, akifika kwenye bei anasimama kulalamika kwamba wakulima waliibiwa, na watu wa meza nyingine wakaanza kusogea. Alipomaliza akataka kugeuza. Shangazi akamzuia mkono.

"Mpe Lenny. Ukurasa unaofuata anasoma yeye."

Nikasoma. Ulikuwa wa chanjo ya ng'ombe, mrefu vibaya, na hakuna aliyeondoka.