Sofa la Parsitau

Clemence alikuwa fundi baiskeli pale Maisaka, na angeweza kunyoosha chochote isipokuwa kichwa chake mwenyewe. Kwake mgeni lazima akute nyumba inapendeza, hata mgeni aliyekuja kukagua umaskini.

Na Bi Ritha alikuwa anakuja kukagua umaskini. Alitoka kwenye mfuko wa ufadhili unaosomesha wauguzi. Mfuko ulilipa chuo kikuu miaka yote minne, na muuguzi akimaliza alifanya kazi miaka mitano kwenye zahanati ya serikali kijijini. Ila ulisomesha watoto wa wasiojiweza tu. Irine, binti wa Clemence, alikuwa amefaulu na chuo kimempokea. Ilibaki hatua moja: mtu wa mfuko aje nyumbani kwao Nangara aone hali.

Irine alimweleza baba yake hayo mara mbili, kisha akaenda Nakwa kwa shangazi yake kuchukua cheti cha kuzaliwa. Alipokata kona tu, Clemence akavuka kwa jirani.

"Parsitau, niazime sofa."

Parsitau, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa anapiga mswaki uani. Akatema. "Lipi?"

"Yote."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe umekulia porini Simanjiro. Sofa umelijua juzi."

"Na wewe unalijua leo," alisema Parsitau, lakini akashika upande mmoja.

Masofa yakaingia, likafuata zulia, ikafuata televisheni. Katarina, mke wa Clemence, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Irine, huyu mama anakuja kuona kama tuna shida."

"Shida ataiona. Lakini ataiona akiwa amekaa vizuri."

Bi Ritha alifika saa nne na faili lake. Akaamkia, akakaribishwa, akazama kwenye sofa mpaka magoti yakakaribia kidevu. Akaletewa kuku.

"Sofa ni lenu, baba?"

"Sasa liwe la nani?"

Akaandika. "Na televisheni?"

"Si unaiona."

"Iwashe basi tusikilize taarifa."

"Umeme umekatika."

Bi Ritha akatazama juu. Hapakuwa na balbu, wala waya, wala tundu la kupitishia waya. Akaandika.

Nje, ng'ombe wa Parsitau walikuwa wanapita kwenda malishoni.

"Wale nao?"

Clemence aliwatazama. Walikuwa wamenona. Mdomo ukamtangulia. "Wale ni baadhi tu."

Hapo ndipo Irine alipoingia na cheti mkononi. Aliangalia sofa, akaangalia televisheni. Akamwamkia mgeni, akageuza ndoo yao ya maji iliyokuwa mlangoni, akaikalia kama siku zote.

Bi Ritha alifunika kalamu. "Baba, mimi siandiki ninachohisi. Naandika ninachoonyeshwa na ninachoambiwa na mwenye nyumba. Hapa fomu inasema familia hii inajiweza. Nikishafunga faili, nimefunga."

Clemence alimtazama binti yake. Irine alikuwa anakwangua tope la Nakwa kwenye kiatu, hamtazami mtu. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Akasimama. "Mama, inuka kidogo."

"Kuna nini?"

"Inuka tu. Sofa la watu."

Bi Ritha akainuka na sahani yake. Clemence akashika upande huu, Irine upande ule, likatoka. Yakafuata mengine, na televisheni, na zulia, mpaka sakafu ikabaki na nyufa zake za zamani.

"Na ng'ombe?" aliuliza Bi Ritha.

"Ng'ombe wanajirudisha wenyewe."

"Kuku?"

"Kuku ni wangu kweli. Alikuwa mmoja."

Irine akampisha mgeni kwenye ndoo. Bi Ritha akakaa, akachana ile fomu, akatoa nyingine.

"Mama Irine, wewe unaitwa Naipei?"

"Naitwa Katarina."

"Nilijiuliza, maana vitambaa vyote vya sofa vimefumwa jina la Naipei."

Katarina alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Clemence hakucheka.

"Na wewe binti," Bi Ritha alisema, "kwenye zahanati utakayopangiwa usitegemee sofa."

"Hata kiti nisipokikuta, ndoo nitakwenda nayo."

Barua ya mfuko ya kumkubali Irine ilikuja baada ya wiki sita. Siku ya safari Clemence alibeba ndoo ileile mpaka stendi, maana hosteli walitaka kila mwanafunzi aje na yake. Ndani alikuwa amepanga shuka, sabuni na madaftari.

Parsitau alikuja kumuaga mtoto. Akaitazama ndoo.

"Nilidhani leo utamwazimia sanduku la kifahari."

"Nilikuja kwako asubuhi," alisema Clemence. "Mkeo akakataa."